Miezi Miwili Niliyoiahidi Korali

Mama Prezidante, mwenyekiti wa korali yetu, aliniuliza swali lile tukiwa tumesimama mlangoni mwa kanisa, mvua imetuzuia sote kwenda nyumbani. Alikuwa ameshika sandali zake mkononi na kutazama maji yalivyokuwa yakipita kati ya mawe meusi ya barabara.

"Na hiyo kazi itakamata muda gani?"

"Miezi mbili, Mama," nikamjibu. "Pasaka itatukuta tumeshamaliza."

Akawageukia waliokuwa nyuma yake. "Mumesikia? Miezi mbili!" Wakaitikia kwa furaha, mvua ikapungua, kila mtu akaenda zake. Mimi nilitembea hadi Majengo nikiwa na moyo mwepesi, mguu mmoja umelowa.

Korali yetu, kwaya ya sauti nne, ni ya parokia moja hapa Murara, mjini Goma. Zamani tulijaza mabenchi yote ya upande wa kushoto, na siku za sikukuu wengine walisimama. Vita vilipoingia mjini, watu waliondoka kwa mafungu. Wengine walivuka kwenda Uganda, wengine Burundi, wachache walifika Kinshasa. Maestro wetu, mwalimu wa sekondari aliyetufundisha nyimbo zote kwa kidole kimoja hewani, alikwenda na mke na watoto wake, akaishia kambini Uganda. Sisi tuliobaki tulitosha mabenchi mawili, tena kwa kuachiana nafasi. Kwenye sauti ya pili nilibaki mimi na mama mmoja mzee ambaye hakuwahi kuimba kabla ya kunisikia mimi kwanza.

Mama Prezidante ndiye aliyetushika tusitawanyike kabisa. Anauza maharagwe sokoni. Familia yao ni ya milima ya Masisi, na akichoka au akicheka sana huhama kutoka Kiswahili kwenda Kinyarwanda bila kujua. Sauti yake mwenyewe ni ya kawaida tu, lakini anajua nyumba ya kila mwimbaji, na anajua nani anaumwa. Wazo lilikuwa lake. Alitaka programu ya simu ambayo ndani yake kila wimbo ungekuwa na sauti zake nne, kila sauti peke yake, ili mtu ajifunzie nyumbani bila maestro. Walio mbali nao wangejifunza.

"Siku Mungu atatukutanisha," alisema, "hatutaanza tena na a, e, i, o, u."

Mimi nilisomea informatiki, mambo ya kompyuta, hapahapa Goma, na kwenye korali hakukuwa na mwingine wa kumwomba. Ile miezi miwili sikuitoa hewani. Kabla ya vita nilikuwa na ofisi ndogo pamoja na wenzangu wawili, na tuliwahi kutengeneza programu inayofanana na hiyo, ya masomo ya kusikiliza kwa akina mama wenye watoto wachanga. Mmoja alichora kurasa, mimi nikaandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta, wa tatu akajaribu kila kitu na kugombana na simu zilizokataa. Nilipokuwa mlangoni mwa kanisa nilikumbuka muda niliotumia mimi. Wenzangu walikuwa wameshahama, mmoja yuko Nairobi na mwingine Bukavu, lakini kichwani mwangu bado walikuwa wameketi kwenye viti vyao pembeni yangu, wakifanya sehemu zao.

Nyumbani viti vilikuwa viwili, na kimoja nilikuwa nawekea nguo. Mdogo wangu niliyekuwa nakaa naye alikuwa amemfuata mumewe Kampala. Nyumba ni ya mbao, vyumba viwili, na ukuta mmoja tunagawana na jirani. Nilihamisha meza chini ya dirisha, nikaanza.

Majuma ya kwanza yalikuwa matamu. Nakumbuka yalivyokuwa: naamka, nachemsha chai, naandika, na jioni kuna kitu kinachotembea ambacho asubuhi hakikuwepo. Jumamosi moja nilibeba simu yangu hadi kwenye repetisio, mazoezi yetu ya kuimba. Mama Prezidante aliifuta kwanza kwa kitenge chake, kisha akabonyeza pale nilipomwonyesha. Wimbo ukatoka. Ilikuwa sauti yetu wenyewe, rekodi ya miaka ya mabenchi kujaa. Watu wakapiga makofi na kusogea, na mama mzee wa sauti ya pili akaanza kulia.

"Basi imeisha!" Mama Prezidante akasema.

"Bado kidogo, Mama. Karibu."

Hilo neno "karibu" nimelifikiria sana baadaye. Walichokiona kilikuwa wimbo mmoja, ndani ya simu moja, simu yangu, sauti zote nne zikiwa zimechanganyika. Lakini kilikuwa na rangi nzuri na jina la korali juu, na kikibonyezwa kinaimba. Mtu asiyefanya kazi hii akiona hivyo, anaona kitu kilichokwisha. Na mimi pia niliona hivyo, kwa sababu siku ile nilitaka sana kuona hivyo.

Juma lililofuata niliketi na rekodi za maestro. Alikuwa amemwachia Mama Prezidante kadi ya kumbukumbu, ndogo kama ukucha, yenye repetisio za miaka mingi. Nilidhani nitachukua sauti humo, moja moja. Nilisikiliza kadi yote. Kuna watu wanakohoa, benchi linaburutwa, mtoto analia, maestro anasema "hapana, hapana, rudieni". Kuna mahali tunacheka kwa muda mrefu na sikumbuki tulicheka nini. Sauti nne zimeshikana kabisa, haiwezekani kuzitenganisha. Ilibidi nyimbo zote zirekodiwe upya, kila sauti peke yake, na waimbaji wa kuzirekodi walikuwa wengi wao hawapo.

Kazi hiyo sikuwa nimeihesabu hata kidogo. Nilikuwa nimehesabu kuandika programu. Programu bila sauti ni kurasa tupu.

Nikaanza kuzunguka. Wasichana wa sauti ya kwanza walikuja kwangu, wakaimba vizuri, lakini tuliposikiliza tukakuta jogoo wa jirani naye ameimba. Wakarudi siku nyingine. Kwa sauti ya tatu nilimpata motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, aliyekuwa akiimba nasi zamani. Alikuwa anapita kwangu kati ya mteja na mteja, helmeti mkononi, anaimba ubeti mmoja, simu yake inalia, anaondoka. Ubeti wa pili ulikuja baada ya juma zima. Hakuwa mzembe. Alikuwa na familia ya kulisha, na mimi nilikuwa na wimbo wake nusu.

Umeme nao ulikuwa na ratiba yake ambayo hakuna aliyetuambia. Betri ya kompyuta yangu ilikuwa imezeeka, ikadumu kama muda wa misa isiyo na mahubiri marefu. Baadaye nilikuwa nakwenda kuketi kwenye kibanda cha kuchaji simu, juu ya kreti ya bia iliyopinduliwa, katikati ya waya na simu za watu wengine. Mwenye kibanda alinizoea. Alikuwa ananisalimia, ananipa waya, halafu hatusemeshani hadi jioni.

Kisha zikaja simu za watu. Bwana wa sauti ya nne, muzee anayeishi upande wa chini wa Majengo, alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka kama utando wa buibui. Nilimwekea programu, akaibonyeza, ikafunguka, ikafunga.

"Imekimbia," akasema.

"Ngoja, papa. Bonyeza tena."

Akabonyeza. Ikafunguka, ikafunga.

"Labda haipendi kidole yangu," akasema taratibu, na akaufuta mkono kwenye suruali, akajaribu kwa kidole kingine.

Haikuwa kidole. Simu yake ilikuwa ya zamani, na kumbukumbu yake ilikuwa imejaa picha za watoto wake walio mbali. Sikuweza kumwambia azifute. Nilirudi nyumbani kutafuta namna ya kuifanya programu iwe nyepesi, na kutafuta huko kulikula siku zilizotengewa kitu kingine. Nilipoipunguza uzito ikakubali kwa muzee, ikakataa kwa mmoja wa wasichana. Nilipoitengeneza kwa msichana, kwangu mwenyewe ikaacha kutoa sauti.

Ofisini, kazi hii ilikuwa ya yule mwenzangu wa tatu. Nilikuwa namcheka akirusha mikono. Sasa nilikuwa narusha mikono peke yangu, na hakukuwa na wa kunicheka.

Pasaka ikafika. Tuliimba nyimbo rahisi, zile ambazo mtu anaimba hata bila kujua sauti yake. Baada ya misa Mama Prezidante alisimama mbele yetu na kusema, "Kwa ile aplikasio, kazi inaendelea vizuri." Hakunitazama alipokuwa akisema. Alinisitiri. Ningependa zaidi angenigombeza.

Kwa muda fulani watu waliendelea kuniuliza, wakiniita Yaya, dada mkubwa. "Yaya, imefika wapi?" "Yaya, bado?" Nami nikawa na jibu moja: juma lijalo. Sikusema hivyo kwa hila. Kila mara niliona kitu kimoja tu kimebaki, nikakimaliza, kikafungua mlango wa kitu kingine. Halafu wakaacha kuuliza. Hilo lilikuwa baya kuliko kuulizwa. Niliingia kwenye repetisio, wakanisalimia vizuri, wakaniachia nafasi kwenye benchi, na mazungumzo yakabadilika kidogo, kama vile yanavyobadilika akiingia mtu mwenye msiba. Nikaanza kukosa Jumamosi moja moja. Mama mzee wa sauti ya pili, nisipokuwepo, haimbi.

Mdogo wangu alikuwa akipiga kutoka Kampala.

"Unafanya nini?"

"Niko kazini."

"Na nani?"

"Mimi."

"Toka basi utembee kidogo. Sauti yako imekauka."

Ilikuwa kweli. Kuna siku aliponipigia niligundua kwamba neno la kwanza kulitamka tangu asubuhi lilikuwa "halo". Nilikuwa nimekunywa chai, nimekula ugali na sambaza, dagaa wa ziwani, zilizobaki jana, nimeandika na kufuta, na jua lilikuwa linazama. Kazi ya kompyuta inakusemesha siku nzima bila sauti, na unaweza kudhani kwamba umekuwa na watu.

Kwa nyimbo tatu za kwanza ilibaki sauti ya pili ya kurekodi, na sauti ya pili nilikuwa mimi. Niliiacha ya mwisho makusudi. Wengine niliwaambia imbeni kama mnavyoimba kanisani, lakini mimi nilijua kwamba siwezi kuimba kama kanisani nikiwa na meza, kitanda na ndoo ya maji. Nikasimamisha godoro mlangoni ili lizuie kelele za barabarani, nikavaa visikilizaji vya masikioni vyenye sauti za wenzangu, nikaanza mapambazuko, kabla pikipiki hazijawa nyingi.

Sauti ya pili ukiitoa kwenye wimbo haina sura. Wimbo unaujua kwa sauti ya kwanza, na kwa ya nne unajua umesimama wapi. Ya pili ni noti tatu nne zinazokwenda na kurudi. Ukiiimba peke yako, anayekusikia anaweza kufikiri umesahau wimbo. Niliimba hivyo asubuhi nyingi. Wenzangu walikuwa masikioni mwangu: wasichana waliorudi mara mbili kwa ajili ya jogoo, motari na ubeti wake, muzee wa sauti ya nne aliyekuwa akivuta pumzi kwa nguvu kabla ya kila mstari. Nilipoondoa visikilizaji kulikuwa kimya kabisa.

Jirani alinikuta bombani, ameweka mikono kiunoni.

"Eh, weye, asubuhi unaimbaka na nani?"

"Na korali."

"Korali iko wapi?"

Nikasogeza ndoo chini ya bomba. "Iko kwa simu," nikasema.

Akanitazama vizuri, kuanzia kichwani hadi miguuni. Siku ile mchana aligonga ukuta na kunipitishia sahani ya sombe, majani ya muhogo, mlangoni, hakusema kitu kuhusu kuimba. Alinifanyia hivyo mara nyingine pia. Nafikiri alidhani nimechanganyikiwa kidogo, na hakuwa mbali sana na ukweli.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeanza nilipokwenda sokoni kumwona Mama Prezidante. Sikuwa nimepanga la kusema. Nilitaka tu kuacha kujificha. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, akaniwekea kiti kidogo na kunisukumia ungo wa pili. Tukachambua pamoja. Wateja walikuja na kuondoka.

"Mama," nikasema, "ile kazi, sijui itaisha lini."

Vidole vyake havikusimama. "Hiyo njo mara ya kwanza unaniambia kitu ya kweli."

"Nilikuwa nakuambia kweli, Mama. Kila mara niliona imebaki kidogo."

"Sasa niambie vizuri. Nini imeisha, nini haijaisha. Usiniambie tarehe."

Nikamweleza polepole. Kurasa zimeisha. Sehemu ya kupiga wimbo imeisha. Sauti za nyimbo tatu zimekamilika, nyingine zina sauti mbili au moja. Kwenye simu za zamani bado inakataa mara kwa mara. Mahali pa kuandikiana ujumbe, ambapo korali ilipaomba, sijaanza, na nikianza itakuwa kazi kubwa kuliko yote iliyotangulia. Maneno ya wimbo yanayotembea pamoja na sauti, nusu. Halafu kuna kuiweka kwenye duka la programu ili watu wa mbali waipate, na huko wana masharti yao, wanaweza kuikataa na kuirudisha.

Akatupa kijiwe.

"Wimbo moja ya Noeli," akasema, "maestro alikuwa anatufundisha kuanzia mwezi gani?"

"Wa tisa."

"Na tulikuwa tunaimba dakika ngapi?"

"Tano, labda."

"Na tulikuwa watu wengi, na yeye alikuwa anajua." Akatikisa ungo. "Weye uko mutu moja. Mbona ulisema miezi mbili?"

"Nilihesabu kama tuko watatu."

"Ihangane, mutoto wangu," akasema. Kwa Kinyarwanda neno hilo ni pole na ni vumilia, yote mawili pamoja, na sikujua ananipa lipi. Macho yakanijaa machozi nikainama juu ya maharagwe. Hakujifanya hajaona. Alimwambia mteja aliyekuwa amesimama, "Pita baadaye, mama," na mteja akapita.

Tukakata kazi palepale. Ujumbe tukauondoa. Watu wana namna nyingine za kuandikiana, akasema, wasinichoshe. Maneno yanayotembea tukayaondoa, yabaki maneno yaliyosimama. Nyimbo tutoe tatu zile zilizokamilika, nyingine zije zikija.

"Na kwa watu nitasema nini?" akauliza.

"Sema nyimbo tatu, baada ya mwaka mupya. Na sema inaweza kupita hapo."

"Nitasema hivyohivyo."

Akasema hivyohivyo Jumamosi, mbele ya wote, nami nikiwa nimeketi. Nilitegemea manung'uniko. Muzee wa sauti ya nne akauliza ni nyimbo zipi tatu, wakaanza kubishana kuhusu hilo, na repetisio ikaendelea.

Kilichobaki bado kilikuwa kirefu. Kwanza kulikuwa na akaunti ya duka la programu, ambayo inataka kadi ya benki, na benki za hapa zilikuwa zimefungwa tangu vita. Mwenzangu wa Nairobi alinisaidia, lakini alikuwa na kazi zake na nilisubiri majuma. Wenye duka walinirudishia programu mara ya kwanza kwa sababu sikuweka ukurasa wa kueleza kwamba siri za watu hazichukuliwi. Mara ya pili walitaka watu wengi zaidi waijaribu kwanza, nami nikazunguka tena Murara na Majengo, simu kwa simu, na walio mbali nikawatumia. Mwaka mpya ukapita. Hakuna aliyenilaumu, kwa sababu walikuwa wameambiwa kwamba inaweza kupita.

Kati ya waliojaribu alikuwepo maestro. Sikuwa nimemsikia tangu aondoke. Alinipigia mchana mmoja, mtandao wa kambini ukikata maneno yake.

"Nimesikiliza," akasema. "Sauti ya pili, ni nani ameimba?"

"Ni mimi, maestro."

"Kwenye ubeti wa pili unashuka mapema. Subiri sauti ya kwanza ifike, halafu shuka."

Nikacheka. Nilicheka hadi nikaketi chini. Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa nimefanya kazi na kuimba ndani ya chumba kile bila mtu wa kuniambia nimekosea, na sikujua kwamba ndicho nilichokuwa nakosa. Akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna, nitarekodi tena. 

"Hapa jioni nawawekea watoto," akasema. "Mukubwa anaimba ya kwanza, mimi ya tatu. Ile yako tunaiacha iimbe ndani ya simu."

Siku programu ilipokubaliwa na kuonekana kwenye duka, ilikuwa Jumanne, siku isiyo na kitu. Nilidhani nitaruka. Nilikwenda kwenye kibanda cha kuchaji, nikanunua soda, mwenye kibanda akauliza leo kuna nini, nikamwambia nimemaliza kazi. "Félicitations, hongera," akasema, akanifungulia chupa. Niliketi juu ya kreti nikainywa. Mchana ule niliwatumia wote ujumbe, na majibu yakaja taratibu: Kampala, Bujumbura, upande wa chini wa Majengo. Muzee wa sauti ya nne alituma sauti yake tu, bila maneno, akiimba mstari wa kwanza.

Sikuwa na furaha niliyoitegemea, wala huzuni. Nilitandika kitanda ambacho kilikuwa hakijatandikwa vizuri siku nyingi. Niliondoa nguo kwenye kiti cha pili.

Miezi michache baadaye Mama Prezidante naye aliondoka. Binti yake aliyeko Uganda alikuwa anajifungua na alimtaka, na sote tulijua kwamba safari hizi haziishi haraka. Nilimsindikiza asubuhi hadi pale magari yanapopakia. Alikuwa na mfuko wa maharagwe na mto. Aliniomba nimwonyeshe tena mahali pa kubonyeza, ingawa alikuwa anapajua vizuri kuliko mimi. Nikamwonyesha. "Usibaki ndani ya nyumba," akaniambia, na gari likajaa.

Tangu hapo hakuna anayekumbusha watu repetisio. Nafanya mimi, kwa ujumbe, Ijumaa. Wanaokuja wanakuja. Mama mzee wa sauti ya pili sasa ana programu kwenye simu ya mjukuu wake, na kuna Jumamosi anaanza kuimba kabla yangu.

Hivi karibuni alinijia mfamasia, kijana mwenye adabu, aliyesikia habari za korali. Anataka programu itakayowaonyesha watu wa Goma famasi zipi zimefunguliwa na dawa gani ipo. Ni wazo zuri, na nilimwambia hivyo. Akauliza itakamata muda gani. Nilimwuliza maswali kwa muda: nani ataingiza habari kila siku, famasi ngapi, simu za aina gani, mtandao ukikatika iweje. Mengine hakuwa ameyafikiria. Mwisho nikamwambia, nikiwa peke yangu, mwaka, na unaweza kupita. Tukiwa watatu, labda nusu yake. Na tuanze na mtaa mmoja.

Alicheka kwa heshima. "Yaya, kuna kijana mwingine ameniambia mwezi moja."

"Umeona kitu aliyoifanya?"

"Amenionyesha. Iko nzuri sana. Unabonyeza, inafunguka."

Nilitaka kumwambia mengi. Nilimwona ameshikilia simu yake kwa mikono miwili, anafurahi, na nikakumbuka kwamba hata mimi nisingemsikiliza mtu. Nikamwambia basi ajaribu naye, na kama atahitaji mtu wa pili nipo. Nilisema kweli, ningependa kufanya kazi na mtu. Akanishukuru, akaondoka, na hajarudi.

Kwa sasa narekodi wimbo wa nne. Wasichana wameshakuja, motari ameahidi ubeti. Mama Prezidante aliuliza kutoka Uganda wimbo huo utatoka lini, nikamwambia mvua zikiisha, labda baada ya hapo kidogo, sina uhakika. Akajibu sawa, mjukuu wake analala, atanipigia kesho.